Maradhi ya Sukari na Kadari

Husikika sana mabarazani kwetu kuwa fulani amepatwa na maradhi ya sukari, na wasikiao hujibu, "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu," kisha sinia ya mahamri ikaendelea kuzunguka. Kuamini kadari ni katika nguzo za imani. Lakini je, mwenye kuiamini ameruhusiwa kuuondolea mdomo wake dhima?

Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa safarini kwenda Sham, alipata habari pale Sargh kuwa tauni imeingia nchi ile, akaazimia kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Akajibu kuwa ndivyo, anaikimbia kadari ya Mungu na kuiendea kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshukia bonde lenye pande mbili, mmoja una malisho na mmoja ni mkavu: popote atakapowalisha ni kwa kadari. Na mchunga gani mwenye akili atawapeleka kwenye ukavu? Aliyekifahamu kisa hiki amekwisha kujibiwa.

Sasa tuwaendee matabibu, kwani kila fani ina wenyewe. Maradhi haya yana aina mbili zilizo mashuhuri. Katika ya kwanza, mwili wenyewe huziharibu chembe za kongosho zinazotoa insulini. Mara nyingi huwapata watoto na vijana, wala haikuletwa na halwa. Ni dhulma kumwambia mama wa mtoto huyo kuwa alimlisha vibaya mwanawe. Katika ya pili, iliyoenea zaidi, insulini ipo lakini mwili hauitii ipasavyo. Hapo nasaba ina sehemu yake na umri una sehemu yake. Na unene, khasa wa tumbo, pamoja na kukaa kitako mchana kutwa, vina sehemu kubwa.

Huko Marekani walikusanywa watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda na maradhi hayajawashika. Wengine walipewa dawa iitwayo metformin, wengine kidonge kisicho na dawa ndani yake, na wengine wakafundishwa kula kwa kiasi, kupunguza asilimia 7 ya uzito wao, na kutembea kwa kukaza mwendo dakika 150 kwa wiki. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002, baada ya miaka karibu 3. Wakilinganishwa na wale wa kidonge kitupu, waliopewa dawa walipungukiwa na maradhi kwa asilimia 31, na waliobadili chakula na mwendo kwa asilimia 58. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5. Mtu wa Mji wa Kale Mombasa angeweza kuzipata kwa kwenda msikitini na kurudi, lakini siku hizi hatua mia mbili twaita tuktuk.

Hata hivyo lawama yote haimwangukii mlaji, kwani wengi wetu hatuli peke yetu. Chai huletwa imekwisha kutiwa sukari jikoni, mgeni hana hiari. Arusini mwenyeji humwapia mtu kwa jina la Mungu kuwa hataondoka mpaka aongeze pilau, naye mwenye maradhi huona haya kusema, akala. Ramadhani nayo, mwezi uliowekwa ili tumbo lizuiliwe, tumeufanya mwezi wa kaimati na sharbati mpaka daku.

Twadhani huu ndio ukarimu. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kuitika mwaliko, ama kula, amemwachia aliyealikwa, akitaka ale na akitaka aache. Basi aliyekuja arusini, akawaombea dua maarusi, na sahani yake akairudisha haijaguswa, ametimiza haki ya mwenyeji wake yote. Mwenyeji anayenuna kwa hilo, anadai deni gani? Na sukari iwekwe kando, katika kibakuli chake, kila mtu ajitilie.