Mgeni wa Siku Mbili

Mpango wangu wote umo katika daftari la mistari, kurasa mbili tu. Basi kutoka Igunga hadi Dodoma, halafu treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 hadi Dar es Salaam, halafu ndege. Nalala Berlin mara tatu, Paris mara mbili, na kati ya miji hiyo napanda treni ya mchana inayokwenda kwa saa nane hivi. Kisha narudi nyumbani kununua mpunga. Basi.

Siku nilipolisoma daftari hilo kijiweni, karibu na stendi, washikaji walicheka mpaka chai ikamwagika.

"Sema ukweli, kaka. Unazamia?"

Sizamii.

"Basi umepata mzungu."

Sijapata.

"Unakwenda kusoma?"

La.

"Sasa majuu unakwenda kufanya nini?"

Nikajibu: kuangalia. Kijiwe kizima kikanyamaza, kana kwamba nimetamka jambo la aibu.

Ndugu msomaji, ukimya ule ndio ulionishikisha kalamu. Tumezoea kwamba mtu wa kwetu huenda Ulaya kwa shida: kazi, masomo, matibabu, au kukimbia vita. Mzungu huja kwetu kutazama twiga, akapiga picha, akaondoka, wala hakuna amwulizaye ana haja gani. Hata neno lenyewe, mtalii, ukilitaja hapa Igunga kila mtu anaona ngozi nyeupe. Je, kutazama tu, bila haja nyingine, ni haki ya nani?

Fomu za viza nazo zina swali lake. Wanataka taarifa ya benki, tiketi ya kurudi, mahali pa kulala, bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na ada ya yuro 90 ambayo ukikataliwa hairudi. Ukiyakamua makaratasi yote hayo linabaki swali moja: nini kitakurudisha kwenu? Mama yangu hajaziona fomu hizo, lakini aliniuliza swali lililo ndugu wa lile: "Utarudi na nini, mwanangu?"

Swali la mama ni gumu zaidi. Nyumba yake inavuja. Fedha nilizoweka kwa misimu minne ya kununua na kuuza mpunga zinatosha bati na zinabaki. Nitamwambiaje kwamba zitaliwa kwa juma moja, kwa ajili ya macho yangu?

Hapo wengi hukata kauli: kutazama ni anasa ya walioshiba. Mimi sikubali haraka hivyo. Katika karne ya 19 babu zetu Wanyamwezi walikuwa wakitoka Unyanyembe kwa miguu, wakivuka nyika ya Mgunda Mkali na Ugogo hadi Bagamoyo, pembe za ndovu mabegani. Walifuata ujira, naam, na nguo. Lakini kijana ambaye hajafika pwani alionekana bado hajawa mtu mzima. Ujira peke yake hauelezi jambo hilo. Aliyeiona bahari alirudi na kitu ambacho hakuna tajiri wa msafara aliyekipima. Tembea uone haikuanza majuu, bwana wee. Ilianza katika njia hii hii.

Kwa hiyo kutazama si dhambi. Lakini kuna kutazama na kutazama.

Mwaka juzi nilikuwa kando ya barabara kuu nikishusha magunia, fulana imechanika mgongoni, jasho linatiririka. Gari la watalii likasimama. Kioo kikashuka nusu, kamera ikachungulia, kioo kikapanda, gari likaondoka. Hakuna salamu. Hata "habari" ya kukosea hakuna. Mpaka leo sijui nimetundikwa ukutani kwa nani, wala ananieleza vipi kwa wageni wake.

Nilikumbuka usemi ambao kila mtu anaujua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunauchukulia kama mzaha juu ya wageni wavivu. Mimi naona umebeba falsafa nzima. Siku mbili za kwanza unatazama na kulishwa. Siku ya tatu jembe linakuingiza katika jasho la wenyeji; sasa wao nao wanakutazama unavyolima, wanakucheka, wanakurekebisha, na wewe unajua kwa nini mgongo wao umepinda. Mtalii ni mgeni anayeondoka kila mara kabla ya siku ya tatu. Jembe halimfikii. Ndiyo maana husema mengi kwa kujua machache.

Ushahidi upo hapa hapa mkoani. Richard Burton na John Speke walifika Kaze, ndiyo Tabora, mwezi Novemba 1857. Walikaa wiki tano hivi, wakipewa nyumba na kukirimiwa na Waarabu wa pale. Mwaka 1860 Burton akachapisha vitabu viwili vinene, vyenye habari nyingi za thamani, na ndani yake hukumu za dharau juu ya watu waliombebea mizigo. Alitazama sana. Yeye hakukubali kutazamwa.

Na hiyo miji yangu miwili? Mnara wa Eiffel, ambao nimeupigia mstari daftarini, ulifunguliwa kwa Maonyesho ya Paris ya mwaka 1889. Katika maonyesho hayo hayo watu wa kutoka Afrika na Asia waliwekwa katika vijiji vya kuigiza, ili wapita njia wawatazame. Berlin ilifanya vivyo hivyo mwaka 1896 katika Treptower Park: watu zaidi ya 100 kutoka makoloni ya Wajerumani, wakiwamo wa Afrika Mashariki, walikuwa sehemu ya maonyesho. Mwaka huo huo, Selim bin Abakari, mtumishi wa Mjerumani mmoja, alisafiri Urusi hadi Siberia, akaandika kwa Kiswahili aliyoyaona. Habari zake zimo katika mkusanyo uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901. Fikiri: mwaka mmoja, wengine wanatazamwa kama vitu, mwingine anatazama na kuandika.

Lakini anayenikosesha usingizi ni Kwelle Ndumbe wa Kameruni. Alikuwa mmoja wa wale waliowekwa Treptow. Alinunua darubini ndogo, ile ya kutazamia michezo ya jukwaani, akawaelekezea watazamaji wake. Hakuvunja kitu, hakutukana mtu. Aliwarudishia macho yao tu. Kwangu mimi hilo ni somo la maadili kuliko hotuba nyingi.

Ndipo nikajua ninachokwenda kutafuta. Berlin, katika Museum für Naturkunde, amesimama mjusi wetu wa Tendaguru, urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mifupa yake ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, na wapagazi waliibeba mpaka bandari ya Lindi. Wapagazi tena! Nataka kusimama chini ya shingo ile nikiwa mjukuu wa wapagazi, si mteja wa tiketi tu. Na mtu akinitazama pale, nitamwamkia, naye akiniuliza natoka wapi, nitamjibu mpaka achoke.

Sijidanganyi. Siku tano hazinipi jembe la Berlin wala la Paris. Paris hasa nitakuwa mgeni wa siku mbili kamili. Kwa hiyo nimejiwekea sharti: sitarudi kijiweni kuwahukumu Wajerumani na Wafaransa. Nitasema nilichoona, na mahali macho yangu yalipoishia nitanyamaza. Anayeondoka kabla ya jembe anadaiwa unyenyekevu. Hilo ndilo deni lake, awe ametoka London kwenda Serengeti au Igunga kwenda Paris.

Na mama? Bati zimetangulia. Nilizinunua kabla ya mvua, na safari imesogezwa mwaka mmoja mbele. Washikaji wanasema ndiyo imekufa hiyo. Labda. Viza sijaomba bado, na wanaweza kuninyima.

Juzi jioni tulikaa chini ya paa jipya, mama akaniomba nimsomee daftari. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama huko watu wanasalimiana njiani. Nikasema sijui.

"Basi nenda ukaone hilo," akasema. "Majumba utayaacha huko huko."

Nimeliandika ukurasa wa tatu.