Barua Zikipotea, Mwanangu, Funga Programu Kwanza

Mwanangu, siku utakayofungua kompyuta asubuhi ukakuta kikasha cha barua pepe kitupu, usibofye kitu. Funga programu. Inuka, kanywe maji. Najua mteja ameshapiga simu, najua bosi amesimama mlangoni, na nakujua wewe ulivyo mtu wa mbio. Lakini nisikilize. Mara nyingi barua hizo bado zimo ndani ya diski. Kinachozimaliza ni pupa ya mwenyewe katika ile nusu saa ya kwanza ya hofu. Mimi zangu nilizimaliza hivyo.

Nilikuwa karani katika ofisi ya wakala wa forodha, Dar es Salaam, si mbali na bandari. Tulitumia Thunderbird, programu ya Mozilla ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2004. Kila kitu kilipita humo: ankara, orodha za mizigo, hati za shehena kutoka Dubai na Guangzhou. Akaunti yetu ilikuwa ya POP, na ilipangwa hivi kwamba barua ikishateremka kwenye kompyuta yetu, seva inaifuta. Maana yake barua ya mteja ilibaki nakala moja tu, kwenye mashine moja, chini ya meza yangu. Sikuliwaza hilo hata siku moja. Barua zilikuja, nikazisoma, basi.

Alasiri moja umeme ukakatika programu ikiwa katikati ya kubana folda. Uliporudi, kikasha kilionyesha barua chache tu za siku ile. Za miaka yote ya nyuma, hakuna. Moyo ukanienda mbio na vidole vikaufuata. Programu ikauliza kama ibane folda tena, nikakubali bila kusoma. Nikaiondoa, nikaisakinisha upya. Nikatafuta kwenye intaneti programu ya kurudisha vilivyopotea, nikaipakua kwenye diski ileile. Jioni akaletwa fundi, kijana wa umri wako. Alinisalimia, akakaa, akauliza jambo moja tu: "Mzee, ulipoona hazipo, ulifanya nini kwanza?" Nikamsimulia yote kwa mpangilio. Hakunilaumu. Aliniomba kiti changu, akafanya kazi mpaka usiku, akarudisha kidogo sana.

Wakati anafanya kazi alinifundisha jambo ambalo ningelijua asubuhi ile, nisingeharibu chochote. Kila folda unayoiona kwenye Thunderbird ni faili moja refu la maandishi. Barua zimefuatana humo, moja baada ya nyingine, na kila barua huanza na mstari wenye neno From na tarehe. Mtindo huo unaitwa mbox, na umerithiwa kutoka kwenye kompyuta za Unix za miaka ya 1970. Pembeni ya faili hilo kuna jingine dogo, jina lake ni lilelile ila lina kiishio cha msf. Lile refu ni ghala. Hili dogo ni daftari la mtunza ghala. Na wewe ukitazama skrini, unasoma daftari, huoni ghala lenyewe. Daftari likiharibika, programu itakuambia ghala ni tupu, na wewe utaamini.

Ubaya ni kwamba kubana nako hufuata daftari. Barua unayoifuta haiondoki kwenye lile faili refu. Huwekewa alama tu kwamba imefutwa, nayo hubaki palepale ikila nafasi. Kubana ndiko kuandika faili upya, barua zilizo hai zikihamishwa na zilizofutwa zikiachwa. Sasa ukibana wakati daftari limechafuka, barua nzima nzima ambazo daftari halizitambui zinaweza kuachwa nje pamoja na zile zilizokufa. Ndivyo ilivyonikuta. Umeme haukunifutia barua, mwanangu. Nilizifuta mimi niliposema ndiyo kwa swali ambalo sikulisoma.

Kwa hiyo ukishafunga programu na kunywa maji yako, fanya haya polepole.

Kwanza ingia kwenye barua yako kwa kivinjari, kama unavyoingia ukiwa safarini. Ikiwa akaunti yako ni ya IMAP, barua zenyewe zinakaa kwenye seva na kompyuta yako inashika nakala tu. Ukizikuta huko, shukuru Mungu, kazi imekwisha. Programu utaitengeneza kwa nafasi yako. Hata POP siku hizi mara nyingi hupangwa kuziacha barua kwenye seva kwa muda fulani, kwa hiyo kuchungulia si hasara.

Usipozikuta, nenda ukalitazame ghala. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA%, kisha fungua folda ya Thunderbird, halafu Profiles. Usijaribu kufika huko kwa kubahatisha, kwa maana Windows huificha folda hiyo. Ndani yake kuna folda yenye jina lililoanza kwa herufi na tarakimu za ovyo. Ifungue, utaona folda ya Mail kwa akaunti za POP na ImapMail kwa zile za IMAP. Tafuta faili liitwalo Inbox, lisilo na kiishio chochote, utazame ukubwa wake. Likiwa na megabaiti mamia huku skrini inasema hakuna kitu, basi skrini inakudanganya. Barua zako zimo. Ukiona pia faili liitwalo nstmp, usilitupe. Hilo ni lile ambalo programu huliandika wakati inabana, na kubana kukikatizwa hubaki hapo, pengine likiwa na barua ndani.

Kabla ya lolote jingine, nakili folda nzima ya Profiles kwenye diski ya nje. Yote, hata usivyovielewa. Itachukua muda, kwa sababu viambatisho ndani ya barua pepe hugeuzwa kuwa herufi, na picha au hati ikigeuzwa hivyo hunenepa kwa karibu theluthi moja. Subiri tu. Nakala hiyo usiiguse tena. Ndiyo itakayokuokoa ukikosea, na utakosea.

Sasa ndipo utengeneze. Fungua programu, bofya folda yenye matatizo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nenda kwenye sifa zake, utaona kitufe cha kuikarabati. Kazi yake ni kulichana daftari bovu na kuandika jingine kwa kulisoma ghala upya. Unaweza pia kufanya hivyo kwa mkono: funga programu, futa lile faili dogo la msf, fungua tena. Angalia sana ni lipi unalolifuta. Lisilo na kiishio linaonekana kama takataka, na watu wenye bidii ya usafi hulifuta hilo. Ndilo lenye barua.

Kuna jambo moja kuhusu barua zilizofutwa ambalo vijana wengi wa ofisini hawalijui, nami nililijua nimeshazeeka. Ukiipeleka barua kwenye pipa la takataka, kisha ukalimwaga pipa, kwenye akaunti ya POP ile barua ya asili bado imelala ndani ya Inbox mpaka siku utakayobana. Fungua nakala ya Inbox, narudia, nakala, kwa kihariri cha maandishi matupu kama Notepad++. Usitumie Word. Tafuta barua yako kwa neno unalolikumbuka. Juu yake utakuta mstari wa X-Mozilla-Status wenye tarakimu nne. Ukiwa 0009, maana yake ilisomwa na ikafutwa. Ukiandika 0001 badala yake, programu itaiona kuwa barua hai iliyosomwa. Hifadhi nakala hiyo kwa jina jipya, iweke kwenye folda ya Local Folders programu ikiwa imefungwa, kisha ifungue. Itajitokeza upande wa kushoto kama folda mpya.

Programu za kukinga virusi nazo zitazame kwa jicho kali. Inbox ni faili moja, kumbuka. Barua moja ikija na kiambatisho kichafu, mlinzi huyo asiyejua mbox huliona faili lote kuwa chafu, akalifungia karantini pamoja na barua zako safi za miaka. Asubuhi unakuta weupe. Usikimbilie kumwaga karantini. Ndimo barua zilimo. Zirudishe kwanza mahali pengine, funga programu, kisha ulipe faili hilo jina jipya na kulirudisha. Halafu nenda kwenye mipangilio ya Thunderbird, kwenye sehemu ya usalama, uruhusu kila barua inayoingia ikaguliwe peke yake kabla haijaingia kwenye faili kubwa. Ni alama moja ya kuweka, na sijui kwa nini ofisi nyingi hawaiweki.

Wenzako wanaotumia Outlook ya Microsoft wana mambo yao. Kule, kwenye akaunti za POP, barua, kalenda na anwani vyote vimo ndani ya faili moja la PST. Mpaka Outlook ya 2002 faili hilo halikuweza kuvuka gigabaiti 2, na wengi hawakujua kwamba kikomo hicho kipo mpaka siku walipokifikia na faili likakataa kufunguka. Toleo la 2003 lilileta muundo mpya wenye kikomo cha gigabaiti 20, na la 2010 likafika 50. Likiharibika, kuna programu ndogo iitwayo scanpst inayokuja na Outlook yenyewe. Kubali inapokuambia itaweka nakala ya akiba kabla ya kukarabati. Iendeshe tena mpaka iache kutoa makosa, kisha utafute folda ya Lost and Found, maana inachookota bila kujua kilikotoka hukitupa humo.

Na faili lenyewe likiwa limefutwa kabisa kwenye diski? Hapo zima kompyuta. Kwenye diski za zamani zinazozunguka, kilichofutwa hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo maana kupakua programu kwenye diski ileile lilikuwa kosa langu kubwa kuliko yote. Diski mpya za SSD hazina subira hiyo, kwa sababu Windows huiambia diski ni sehemu zipi hazitumiki tena nayo huzisafisha. Mpe fundi aichomoe diski, aiunganishe kwenye kompyuta nyingine, atumie programu kama PhotoRec, ambayo ni ya bure, na anachokipata akihifadhi kwenye diski tofauti. Akikuahidi kwamba atarudisha kila kitu, tafuta fundi mwingine.

Kisha kuna njia ambayo haihitaji fundi, nayo huwa tunaona haya kuitumia. Barua iliyopotea kwako ipo kwa aliyekuandikia. Baada ya ajali ile bosi aliniamuru niwaandikie wateja na wauzaji, mmoja mmoja, niwaombe wanitumie tena hati zao. Niliona aibu. Nilidhani watatucheka. Wengi walijibu kwa maneno mazuri, na wengine walisema nao yaliwahi kuwakuta. Makontena yalitoka bandarini, kwa kuchelewa na kwa gharama, lakini yalitoka.

Barua ambazo sikuweza kumwomba mtu azitume tena ni za kaka yangu. Alikuwa akifanya kazi Muscat, na alipenda kuniandikia kwenye anwani ya ofisini usiku akitoka zamu. Alinieleza joto la kule, chakula, habari za jirani yake aliyefuga kasuku. Alikuwa ameshafariki wakati ule umeme ulipokatika. Nilizoea kuzifungua nikizikumbuka, na sikuwahi kuzichapa wala kuzihamisha, kwa kuwa niliziona pale kila siku. Mama yako huniambia nisijisumbue, maneno ya mtu hukaa moyoni. Ni kweli kwa kiasi. Lakini yale ya kasuku siyakumbuki vizuri, nami ningependa kuyasoma.

Wewe una muda, mwanangu, hata kama hujioni kuwa nao. Akaunti yako kama bado ni ya POP, muulize anayesimamia seva akuhamishie kwenye IMAP, na akikuambia hakuna haja, muulize tena wiki ijayo. Programu ikiuliza kama ibane folda, soma kwanza, na ukubali tu kama umeme ni wa kuaminika na nakala unayo. Usikusanye barua za miaka kumi kwenye kikasha kimoja. Zigawe kwa mwaka, ili likiharibika faili moja mengine yabaki.

Na leo jioni, kabla hujatoka ofisini, funga Thunderbird, nakili folda ya Profiles kwenye diski ya nje, uichomoe, uiweke nyumbani. Ijumaa ijayo fanya tena.