Haki ya Mwulizaji na Siri ya Mchezaji

Wahenga walisema kuwa kuuliza si ujinga. Walisema kweli; lakini hawakusema kuwa kila swali lina haki ya kujibiwa, wala kuwa mwenye kuuliza anaweza kuuliza alitakalo popote atakapo. Katika insha hii nataka kupima maswali ya namna moja tu: yale yanayoulizwa nyuma ya pazia la mchezo wa kuigiza.

Desturi hii imekwishaenea katika kumbi zetu, vyuoni na mijini. Mchezo mpya unapotolewa, watazamaji hawaridhiki tena na kuutazama kisha wakaenda zao. Hutaka wakutanishwe na mtungaji, na mwongozaji, na wachezaji. Viti hupangwa jukwaani, mtu mmoja hufanywa mwenyekiti wa mazungumzo, na maswali huanza. Maswali yenyewe ni mengi, lakini aghalabu hurudi kwenye mawili. Mtungaji huulizwa, "Ulikusudia nini?" Mchezaji huulizwa, "Ulijisikiaje?" Watu huyasikiliza majibu kwa hamu, hata pengine kwa hamu kuliko walivyousikiliza mchezo. Je, watazamaji wana haki ya kupata majibu hayo? Na wanaoulizwa, je, wana wajibu wa kuyatoa?

Swali hili ni kongwe kuliko kumbi zetu. Plato, mwanafalsafa wa Uyunani, aliandika mazungumzo mafupi baina ya Socrates na Ion, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kughani tungo za Homer mbele ya umati. Socrates alimwuliza kama huwa na akili zake timamu anapoghani habari za msiba. Ion alikiri kuwa macho yake hujaa machozi na nywele humsimama. Lakini akaongeza kuwa wakati huo huo huwaangalia wasikilizaji kwa makini, kwa sababu wao wakilia yeye atacheka apokeapo fedha, na wao wakicheka yeye atalia kwa kukosa ujira. Katika jibu moja Ion alitoa mambo mawili yasiyopatana, na huenda yote mawili ni kweli. Pahali pengine, katika maneno ya Socrates ya kujitetea mbele ya mahakama, Plato anamwonyesha akisimulia jinsi alivyowaendea washairi akawauliza maana ya tungo zao wenyewe, akakuta kuwa karibu kila mtu aliyekuwapo angaliweza kuzieleza vizuri zaidi kuliko wao waliozitunga.

Socrates alilichukua jambo hilo kuwa dalili ya upungufu wa washairi. Mimi nalichukua kwa namna nyingine. Mtu anaweza kuijua kazi yake kwa mikono asiweze kuieleza kwa ulimi, kama fundi wa jahazi ajuaye ubao utakubali kupindwa wapi, walakini hawezi kukuambia amejuaje. Siri ya mtungi aijuaye kata; lakini methali hiyo haikuilazimisha kata kuitangaza. Hatari huanza pale tunapomshurutisha fundi aseme. Atatafuta neno la kuturidhisha, nasi tutalishika neno hilo kama kwamba ndilo ufunguo wa mchezo wote.

Hata wale walioufanya uchezaji kuwa elimu hawakupatana. Diderot wa Ufaransa, katika karne ya 18, alishikilia kuwa mchezaji bora ni yule ambaye moyo wake umetulia ilhali mioyo ya watazamaji inachafuka. Stanislavski wa Urusi, mmoja wa walioanzisha Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898, aliwafundisha wachezaji wake kuchimba katika kumbukumbu za maisha yao wenyewe ili hisia za jukwaani ziwe na uhai. Na baadaye akatilia mkazo zaidi vitendo vya mwili. Ikiwa mabingwa hao hawakukubaliana juu ya chanzo cha chozi moja la jukwaani, kijana wa miaka ishirini atalielezaje kwa dakika mbili mbele ya halaiki ya watu?

Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, nami nina deni la kueleza yaliyotokea.

Miaka michache iliyopita wanafunzi walitoa mchezo mpya, nikaombwa niwe mwenyekiti wa mazungumzo baada ya onyesho la kwanza. Katika mchezo huo mwanafunzi mmoja wa kike alicheza sehemu ya mama aliyefiwa na mtoto. Alipokuwa akizikunja nguo za marehemu, machozi yalimtoka taratibu, bila ya kwikwi, na ukumbi mzima ukanyamaza. Zamu ya maswali ilipofika nilimgeukia nikamwambia, "Binti yangu, machozi yale uliyatoa wapi?" Nilidhani nauliza swali la kitaalamu. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kuwa alikuwa na mdogo wake, na kuwa siku ya maziko yeye ndiye aliyetumwa kuzikunja nguo zake. Wengi walilia, wakapiga makofi marefu kuliko yale waliyoupigia mchezo. Nami nilirudi nyumbani nimeridhika, nikifikiri kuwa jioni ile ilifana kwa ajili ya swali langu.

Jioni ya pili nilikaa tena ukumbini. Sehemu ile ilipofika, alizikunja nguo na uso wake ulikuwa mkavu. Aliyaharakisha maneno yake akatoka. Baadaye nilimkuta nyuma ya jukwaa, amekaa juu ya sanduku la mavazi. Alisimama akaniamkia kwa adabu, kisha akasema bila ya lawama, "Mwalimu, jana nilikitoa nje. Leo nilipokitafuta sikukikuta." Sikuwa na la kumjibu.

Nimeyafikiri sana maneno hayo. Alikuwa amemhifadhi mdogo wake mahali ambapo aliweza kumfikia bila ya kumwanika. Mchezo ulimpa vazi la mtu mwingine, na ndani ya vazi hilo aliweza kuomboleza mbele ya umati pasipo mtu kujua anamwomboleza nani. Swali langu lilimvua vazi. Waswahili husema kuwa mwenye kovu usidhani kapoa, nami nililigusa kovu hadharani, kwa mkono wa mwenye cheo, mahali ambapo mwanafunzi hawezi kumwambia mwalimu wake, "Hilo sitalijibu." Hapa ndipo penye kosa. Ridhaa ya mtu asiyeweza kukataa si ridhaa.

Najua kuwa ataweza kutokea mtu wa kunipinga. Atasema kuwa sanaa ni mali ya jamii, na kuwa msanii anayejificha nyuma ya pazia anajifanya mganga mwenye hirizi. Atanikumbusha habari za Kamĩrĩĩthũ, huko Limuru, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipoutayarisha mchezo wa Ngaahika Ndeenda pamoja na wakulima na wafanyakazi. Mazoezi yao yalifanywa hadharani. Watu walisimama wakatazama, wakauliza, wakasahihisha lugha, nyimbo na desturi zilizokuwa zikionyeshwa. Pale hapakuwa na nyuma ya pazia. Na serikali ilipoyapiga marufuku maonyesho hayo mwezi wa Novemba mwaka huo huo, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini, ilidhihirika kuwa ule uwazi ulikuwa na nguvu.

Naukubali mfano huo, na naona kuwa unanisaidia mimi. Waliouliza Kamĩrĩĩthũ waliuliza kazi ilipokuwa ingali mikononi. Aliyesema kuwa wimbo umekosewa alipaswa kuuonyesha ulivyo, na swali lake likawa sehemu ya ujenzi. Mwulizaji alilipia swali lake kwa jasho. Mimi, katika kiti changu cha mwenyekiti, sikulipa kitu. Nilichukua, na kesho yake mchezo ulikuwa umepungukiwa na kile nilichokichukua.

Mpinzani wangu angaliweza pia kusema kuwa ziko siri ambazo mtungaji hana haki ya kuzificha. Hapo napatana naye kabisa. Ebrahim Hussein alipoutoa mchezo wa Kinjeketile kwa chapa mwaka 1969, alitanguliza maelezo ya kuwatenganisha watu wawili: Kinjeketile wa Ngarambe, aliyeishi kweli na kunyongwa na Wajerumani mwaka 1905, Vita vya Majimaji vilipoanza, na Kinjeketile wa mchezo, aliyeumbwa na fikra za mtungaji. Kadhalika Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, katika mchezo wao wa mwaka 1976 juu ya kesi ya Dedan Kimathi, walitanguliza habari za safari yao ya Karunaini, alikozaliwa Kimathi, na za watu waliozungumza nao huko. Watungaji hao walikuwa na deni. Walikuwa wameazima maisha ya watu waliokufa, wenye jamaa na taifa linalowakumbuka, na mwazimaji hana budi kusema amechukua nini na amebadili nini. Msomaji anayeuliza juu ya deni la namna hiyo anadai haki. Anayeuliza, "Basi nifikiri nini juu ya maji yale?" anadai jambo jingine. Huyo anataka atafuniwe. Mtungaji akimtafunia, amemnyima kazi ambayo mchezo ulitungwa ili aifanye.

Tena mazungumzo haya yana faida moja ambayo singependa ipotee: humrudishia mchezaji jina lake. Watu husahau upesi kuwa aliyecheza sehemu ya dhalimu si dhalimu. Huweza kuitwa sokoni kwa jina la ubaya alioucheza, na wengine husema kwa mzaha usio mzaha kuwa asingeucheza vile kama haumo ndani yake. Anapoketi mbele yetu amenawa rangi usoni, akacheka kicheko chake mwenyewe, tunauona umbali alioukata kutoka kwake hadi kwa mtu yule mwovu. Lakini tuangalie kuwa umbali huo ndio uliokuwa haki ya yule mwanafunzi wangu pia. Mwenye kucheza uovu twampa haki ya kusema, "Yule si mimi." Kwa nini mwenye kucheza huzuni tumshurutishe aseme, "Yule ni mimi"?

Habari ya mchezo ule haikuishia jioni ya pili. Jioni ya tatu uso wake haukuonekana. Mwongozaji alikuwa amemshauri awape watazamaji mgongo na kuzikunja nguo polepole. Kijana wa taa alipunguza mwanga hata yakabaki mabega yake tu, na shati moja dogo aliloliinua juu kabla ya kulikunja. Ukumbi ulinyamaza kama siku ya kwanza, nikasikia watu wakipenga kamasi gizani. Chozi halikuwako; au kama lilikuwako, hakuna aliyeliona.

Nilikwenda nyuma ya jukwaa nikawauliza walivyofanya. Safari hii niliuliza juu ya kazi. Mwongozaji alinieleza kuwa waliujaribu mgongo ule mchana kutwa, na kuwa kwanza ulionekana kama mgongo wa mtu aliyekasirika, mpaka wakagundua kuwa kosa lilikuwa katika shingo. Kijana wa taa alinionyesha kwa kidole kiasi alichoishusha taa. Na fundi wa mavazi, mama mmoja ambaye hakuna mwenyekiti aliyewahi kumwita akae jukwaani, alisema kuwa zile nguo za mtoto zilikuwa mpya mno zilipoletwa. Alizifua kwa mkono mara nyingi na kuzianika juani, ili zikunjike kama nguo ambazo mtoto amezicheza. Katika maneno yao nilijifunza juu ya msiba wa mchezo ule mengi kuliko niliyojifunza katika jibu la jioni ya kwanza. Wala hapana aliyetoka pale akiwa amepungukiwa na kitu. Tangu hapo, kila ninapofanywa mwenyekiti, nawaita kwanza watu wa taa, wa mavazi na wa seremala. Hao ndio walio nyuma ya pazia kwa hakika, na maswali yetu yamezoea kuwapita.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mtazamaji ana haki ya kuuliza juu ya kazi: imefanywaje, kwa nini hivi na si vile, nani ameifanya. Ana haki ya kuuliza juu ya deni: maisha haya ni ya nani, na yamebadilishwa nini. Hana haki juu ya jeraha. Mchezaji anaweza kulifunua jeraha lake akipenda, kama mtu yeyote anavyoweza kuwasimulia rafiki zake. Lakini mwenyekiti asimwekee meza ya kulifunulia, na kabla ya kuanza hana budi kusema kwa sauti ya kusikika na wote kuwa neno "sitajibu" ni jibu kamili.

Yule mwanafunzi nilimwomba radhi. Nilipotaka kuandika insha hii nilimwendea tena nikamwomba ruhusa, akaitoa kwa sharti nisitaje jina lake. Nilimwuliza kama niitaje habari ya mdogo wake, au niiache. Alifikiri, akasema, "Itaje, Mwalimu, lakini usiseme alikufaje." Mimi sijui alikufaje, wala sikumwuliza.