JE, PESA INAWEZA KWENDA NYUMBANI BADALA YAKO?

Kijana mwenzangu, karatasi hii pengine umepewa stendi, pengine umepewa uwanjani ulipokuja kusikiliza muziki tu. Usiitupe kwanza. Nina swali moja: MARA YA MWISHO KUMWONA BABA YAKO AU MAMA YAKO ILIKUWA LINI? Sikuulizi umemtumia pesa lini. Nauliza KUMWONA.

Usidhani nakusema wewe. Swali hili lilinikamata mimi, mwinjilisti, mtu wa kushika kipaza sauti na kuwaambia wengine watubu.

Nilimaliza darasa la saba kijijini kwetu, wilaya ya Mpwapwa, mkoa wa Dodoma. Baba aliuza mbuzi wawili nikapata nauli ya Dar es Salaam. Nikatembeza soksi na mikanda Kariakoo, tukalala watu sita chumba kimoja. Baadaye nikaokoka, nikasoma kozi ya Biblia, nikaanza kuzunguka na mikutano. Mama alikuwa ameshafariki, dada yangu ameolewa mbali, baba amebaki na mjukuu mmoja mdogo. Sikumsahau! Kila mwezi nilituma elfu ishirini, mwezi mwingine hamsini. Simu ikilia kwamba pesa imepokelewa, moyo unatulia. Nasema, mimi ni mtoto mwema.

Baba alinipigia kila mara. "Pesa imefika, mwanangu. Wewe utafika lini?"

"Mwezi ujao baba, sasa hivi nina mkutano."

Huo mwezi ujao ulichukua miaka minne.

Hebu tufikiri pamoja. Zamani, kabla simu haijaanza kubeba pesa (Kenya ilianza 2007, kwetu Tanzania 2008), ulifanyaje? Ulitia noti kwenye bahasha, ukampa kondakta wa basi au jirani anayerudi kijijini. Wengine walizila, tusidanganyane! Bahasha ilifika imekonda. Lakini yule jirani aliingia uani, akapewa kigoda, akaona paa linavuja, akamsikia mzee anakohoa. Akirudi mjini anakwambia, "Bwana we, mzee kapungua sana." Pesa ilikuwa INATEMBEA NA MTU, na mtu huyo alikuwa na macho. Leo pesa inasafiri peke yake. Ukiacha makato, inafika salama, tena kwa dakika moja, lakini ikifika haioni kitu. Haiwezi kurudi ikakwambia mzee kapungua.

Utasema, si tunaongea kwa simu? Sawa. Lakini mzee wa kijijini ukimwuliza hali anajibu "hatujambo" hata kama hajainuka kitandani siku tatu. Ndivyo alivyolelewa, asimtie mtoto wasiwasi akiwa ugenini. Hiyo "hatujambo" ukitaka kuijua vizuri lazima uiangalie usoni.

Nilipokwenda nilimkuta chini ya mbuyu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Ndugu yangu, baba yangu mzazi aliniuliza mimi ni nani! Macho yote mawili yalikuwa meupe, mtoto wa jicho. Nikawa mkali, ati mimi ndiye mwenye haki ya kukasirika. "Baba, kwa nini hukwenda hospitali? Pesa si nilikuwa natuma?" Akaingia ndani akipapasa ukuta, akatoka na kitambaa kimefungwa fundo. Noti zilikuwamo. Akasema taratibu, "Pesa ipo. Nani angenishika mkono?"

Sikuwa na jibu. Hata leo sina.

Labda wewe hujui ugonjwa huu. Ni ukungu unaoziba lenzi iliyo ndani ya jicho. Dawa ya matone haiuondoi, wala miti shamba. Unatibiwa kwa upasuaji mfupi, na wengi wanaona tena. Nikampeleka. Daktari alisema jicho la kulia litapona. La kushoto lilikuwa pia na presha ya macho, na kile ambacho presha ya macho imeshachukua hakirudi. Hakunilaumu. Nilijilaumu mwenyewe pale kwenye benchi, mtu mzima nikiinamisha kichwa katikati ya wagonjwa.

Jambo lililonichoma zaidi ni hili. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi. Habari hiyo nimeihubiri mara nyingi kwa sauti kubwa! Kumbe Korbani yangu ilikuwa ya namna nyingine. Pesa nilitoa. SIKU ZANGU ndizo nilizosema ni za Bwana, kisha nikamnyima mzee. Wewe huenda Korbani yako ni biashara, au chuo, au mchumba, au mpira wa Jumapili. Kila mtu ana jina lake zuri la kufunikia.

Najua kinachowazuia wengi si ugumu wa moyo. Ni AIBU. Unasema nitakwenda nikishapata, siwezi kuingia kijijini mikono mitupu, wenzangu wamejenga. Kweli kabisa, kijiji kina maneno. Lakini yule mwana mpotevu wa Luka 15 alirudi na nini? Alirudi na njaa. Baba hakuuliza mizigo iko wapi. Angengoja kwanza afanikiwe, angefia kwenye zizi la nguruwe.

Tena kwenye habari hiyo kuna yule kaka mkubwa, ambaye watu humsahau. Yeye hakuondoka nyumbani hata siku moja, na bado moyo wake ulikuwa mbali na baba yake. Basi usiniambie kuishi nyumba moja ndio kupenda. Wapo wanaolala chumba cha pili na mama mgonjwa na hawajui ameamkaje.

Na wewe uliyepigwa, uliyefukuzwa, uliyeharibiwa na mtu wa nyumbani kwenu, sikuambii urudi mahali pa hatari. Kusamehe ni jambo moja, kurudi kulala chini ya mkono uleule ni jambo lingine. Maneno haya nayasema kwa yule ambaye mlango uko wazi, na mtu amekaa kwenye huo mlango akisikiliza pikipiki zinazopita.

Tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dar mpaka Dodoma kwa saa nne hivi. Enzi za baba yangu ilikuwa safari ya kutwa, au usiku kucha. Safari imefupishwa, sababu zetu ndizo zimerefuka. Mimi sasa nimewaambia wazee wa kanisa: kila mwezi wa tatu, wiki moja hakuna mkutano. Wapo walionuna.

Asubuhi walipomfungua bandeji nilikuwa nimesimama mbele yake. Alikunja uso kwa mwanga, machozi yakamtoka, akaniangalia muda mrefu bila kusema. Kisha akanyoosha mkono akanigusa kichwani juu ya sikio.

"Kumbe umeanza kuota mvi, mwanangu."