Ya Kale ni Dhahabu ya Nani?

Wahenga wametuachia methali mbili zisizopatana. Moja yasema ya kale ni dhahabu. Ya pili yasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ile yatutaka tuyahifadhi yaliyokwisha, hii yatutaka tuyaache yapite. Msomaji mpenzi, tangu mwezi wa Julai 2025 nimekuwa nikivutwa huku na huku baina ya methali hizi, na kilichonitia katika mashaka hayo si utenzi wala taarabu, bali ni muziki wa magitaa wa Uingereza nilioupenda nilipokuwa kijana. Jambo lenyewe huenda likaonekana dogo. Swali lililomo ndani yake si dogo.

Wazee wangu walihama Unguja wakaenda kuishi Manchester mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ujana wangu ukanikuta huko. Ilikuwa ni miaka ambayo bendi za Suede, Blur, Pulp na Oasis zilitawala redio. Tarehe 14 Agosti 1995, Blur na Oasis walitoa nyimbo zao siku moja, na vijana wakagawanyika makundi mawili, kila kundi na bendi yake. Blur wakashinda wiki ile, kwa nakala 274,000 dhidi ya 216,000. Mwaka uliofuata, tarehe 10 na 11 Agosti, Oasis walipiga muziki katika viwanja vya Knebworth mbele ya watu wapatao 125,000 kila usiku. Mimi sikwenda. Nilikuwa na umri wa miaka 16, sina nauli wala ruhusa.

Lakini nilikuwa na kanda. Kijana mmoja wa jirani, Mwingereza, alinirekodia nyimbo alizozipenda akaandika majina yake kwa mkono. Tulikuwa tukikaa ghorofa ya juu ya basi, tukigawana spika za masikioni, yeye sikio moja nami sikio moja. Mpenzi wa ushairi atafahamu mara moja kilichotuteka: beti zilikuwa fupi, na kiitikio kilijengwa ili kibebwe na umati, si na mwimbaji peke yake. Mtoto mgeni aliyekuwa akiogopa kusema darasani kwa ajili ya lafudhi yake, aliweza kuimba pamoja na wenzake asijulikane.

Oasis walivunjika mwaka 2009. Tarehe 4 Julai 2025 walirejea jukwaani mjini Cardiff, nami nikatazama picha za usiku ule kwenye simu, nikiwa hapa kisiwani. Niliwaona watu wa rika langu, wenye mvi, wakiimba huku wakilia. Nami nikalia. Ndipo nikajiuliza: ninalilia nini hasa?

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1688, kijana mmoja aliyekuwa akisomea utabibu huko Basel, Johannes Hofer, aliunda neno la kuitaja hamu hii kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la kurejea nyumbani na la maumivu. Kwake yeye hiyo ilikuwa ni ndwele hasa, na baadaye ikasimuliwa sana kuwa iliwapata askari wa Uswisi waliotumikia ugenini. Ikasemwa kwamba wimbo wa wachunga ng'ombe wa milimani ulitosha kuwaliza, hata wakatoroka jeshini. Mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau, katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768, alitoa hoja yenye uzito: wimbo ule, asema, haufanyi kazi kama muziki bali kama alama ya ukumbusho. Mgeni akiusikia haoni ajabu yoyote. Nguvu zake hazimo katika sauti, zimo katika maisha ambayo msikilizaji aliyaishi wimbo ukilia.

Nilidhani maneno ya Rousseau yamenitosheleza. Nilichokilia ni yule mtoto wa kwenye basi, ambaye hakujua mambo yatakuwaje. Basi, nikasema, hamu hii ni mali yangu na haimdhuru mtu.

Siku chache baadaye nilikuwa nimekaa barazani na mama, ambaye alirejea nyumbani miaka mingi iliyopita. Nikampigia wimbo mmoja katika zile za kwenye kanda. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huu si ule wimbo wa wale vijana wa kituoni?"

Nikakumbuka. Jioni moja ya mwaka 1996 tulikuwa tukisubiri basi, mama na mimi. Lilipita kundi la vijana wakiimba kiitikio kile kile, mmoja wao amejifunga bendera ya nchi mabegani. Walisimama mbele ya mama, wakauvuta mtandio wake, wakamwambia arudi kwao. Kisha wakaendelea na wimbo pale pale walipoukatiza. Hawakumpiga. Lakini mama alikuwa na sababu ya kuogopa. Tarehe 22 Aprili 1993, Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18, alichomwa kisu na vijana wa kizungu akiwa anasubiri basi huko Eltham, London, akafa. Ilipita hadi Januari 2012 ndipo wawili wakatiwa hatiani kwa mauaji yake. Kila mama mweusi wa Uingereza alilijua jina lile.

Mimi nilikuwapo kituoni, nikasikia kila neno. Na bado, kwa karibu miaka 30, kumbukumbu yangu ilihifadhi kanda ikakitupa kituo. Kumbukumbu ya mama ilihifadhi kituo. Kanda haikuwa yake.

"Wimbo mzuri, mwanangu," akasema. "Uzime." Nikauzima.

Wapo watakaosema kwamba wimbo hauna kosa, nami nakubali. Ndugu wawili wa Oasis, Noel na Liam Gallagher, ni wana wa wazazi waliohamia Manchester kutoka Ayalandi. Noel alipopiga gitaa lililopakwa rangi za bendera ya Uingereza mwaka 1996, sidhani kwamba alimkusudia mama yangu ubaya. Tena, Februari 1998, wimbo wa bendi ya Cornershop, inayoongozwa na Tjinder Singh, ulishika nafasi ya kwanza Uingereza, na Asha anayetajwa ndani yake ni Asha Bhosle, yule yule ambaye sauti yake mama aliijua tangu ujana wake katika filamu za Kihindi. Siku ile alicheka jikoni. Zama zile zilikuwa na nafasi yake pia, ingawa ilikuwa finyu.

Wengine watasema: hamu ni jambo la moyo, kwa nini mtu aombe ruhusa ya kukumbuka? Hapa ndipo naona tofauti inayotupasa kuishika. Kutamani ni hisia, na hisia haishtakiwi. Lakini mtu anapofungua kinywa akasema, "Zama zile zilikuwa njema," hatoi tena hisia, anatoa ushahidi. Anazisemea zama, na pamoja nazo anawasemea wote walioziishi. Na shahidi, kinyume cha mpenzi, hana hiari ya kuchagua. Akificha nusu ya aliyoyaona, amesema uwongo hata kama kila neno lake ni la kweli.

Hayo si ya Manchester tu. Hata hapa visiwani, kila tunaposifu zama fulani barazani, yatupasa tuulize zilikuwa njema kwa nani, na nani alikuwa akipita mbio chini ya dirisha la karamu.

Kwa hiyo sikuziacha nyimbo zangu. Kanda yenyewe imekwisha kuharibika, lakini nyimbo ninazo, na huzisikiliza nikiwa peke yangu, na bado hunitoa machozi. Lililobadilika ni masimulizi. Wanangu wakiniuliza ujana wangu ulikuwaje, huwasimulia basi na spika tulizogawana, kisha huwasimulia kituo. Ya kale huenda ni dhahabu kweli. Lakini sonara haipokei dhahabu kwa kuitazama tu. Huiweka kwanza kwenye mizani.