Bilauri ya Maji na Mti wa Mwaloni



Katika darasa la Kipaimara tumeulizwa swali ambalo hatukulitazamia, nasi tumeona afadhali tulijibu hapa ili na wazazi walisome. Vijana wetu wamepata habari za bilauri ya maji ambayo mwenye kuiweka anasema ni mti wa mwaloni. Wakatuuliza: “Je, jambo hili lina tofauti gani na yale tunayosema sisi mbele ya Meza ya Bwana?”

Mwaka 1973 msanii Michael Craig-Martin, mzaliwa wa Dublin aliyelelewa katika Kanisa Katoliki, aliweka bilauri ya maji juu ya rafu ndogo ya kioo, ukutani, kadiri ya mita mbili na nusu kutoka chini. Kando yake akatundika maandishi ya maswali na majibu, mfano wa Katekisimu. Humo anasema kwamba hii si ishara ya mwaloni, bali ni mwaloni wenyewe, kwa kuwa ameigeuza asili yake bila kuibadili sura yake. Asomaye ataona mara moja maneno hayo yametoka wapi. Ni mafundisho ya wanazuoni wa kale juu ya mkate na divai, yametolewa madhabahuni yakapelekwa kwenye jumba la sanaa.

Sanaa ya namna hii huitwa sanaa ya dhana, maana wazo ndilo kazi yenyewe, na kitu kinachoonekana ni kama bahasha tu. Babu yake ni Marcel Duchamp, ambaye mwaka 1917 alipeleka kwenye maonyesho huko New York chombo cha chooni cha wanaume, kilichotoka dukani, kimetiwa sahihi ya jina la bandia. Waandaaji walikuwa wameahidi kupokea kazi ya kila aliyelipa ada, lakini hicho walikikataa. Hata hivyo mwaka 2004 wataalamu 500 wa sanaa wa Uingereza walikichagua kuwa kazi iliyowaathiri wasanii wa kisasa kuliko nyingine zote. Tangu Duchamp watu wameacha kuuliza nani kachonga, wanauliza nani kasema.

Ni rahisi kucheka. Nabii Isaya naye alicheka, katika sura ya 44, alipomweleza mtu anayekata mti, na mwaloni umetajwa humo humo, nusu akaotea moto na kuoka mkate, nusu akaifanya mungu akaisujudia. Isaya alitaka kujua ni kitu gani kinachomfanya mtu aamini kwamba kitu ni kile kisichokuwa. Craig-Martin anauliza vivyo hivyo, na kwa sababu hiyo sisi twasema bilauri yake ni kazi njema. Wengi waliofuata njia hiyo wamerithi ujasiri wake, swali wameliacha.

Sasa tuwajibu vijana. Tunajua kwamba hata ndani ya Kanisa letu la Anglikana, wa mapokeo ya UMCA na wa mapokeo ya CMS hawasemi sawasawa juu ya jambo hili, wala hatuandiki ili kuwabeza ndugu zetu Wakatoliki. Kanuni ya 28 kati ya zile Kanuni 39 yafundisha kwamba Mwili wa Kristo hutolewa na kuliwa kwa namna ya mbinguni, ya kiroho, na kwamba chombo cha kuupokea ni imani. Lakini angalieni ile rafu. Bilauri imewekwa juu mahali ambapo hakuna awezaye kuinywa. Bwana wetu hakuwaambia wanafunzi wake watazame. Aliwapa wakala, akawapa wakanywa. Tena neno la msanii ni lake mwenyewe. Yeye husimulia kwamba kazi hiyo ilipopelekwa Australia maofisa waliizuia, kwa kuwa mimea ilikatazwa kuingia, ikambidi aeleze kwamba ni bilauri ya maji tu! Neno la mezani lilisemwa usiku ule aliotolewa, na aliyelisema hakulirudisha mbele ya Pilato.

Lililobaki ni la bei, nalo ndilo linalotusumbua zaidi. Mwaka 2019, huko Miami, Maurizio Cattelan alibandika ndizi ukutani kwa utepe wa gundi. Mnunuzi hupewa hati na maelezo. Ndizi ikioza, anaweka nyingine. Mnamo Novemba 2024 hati moja ya namna hiyo iliuzwa kwa mnada New York kwa dola milioni 6.2, na tajiri aliyeinunua akaila ile ndizi mbele ya waandishi wa habari huko Hong Kong. Ndizi iliyotumiwa siku ya mnada ilikuwa imenunuliwa kwa senti 35 kwenye meza ya matunda, nje ya jumba hilo la mnada. Muuzaji hakuwa mwenye meza. Alikuwa mzee mhamiaji, kibarua wa dola 12 kwa saa. Mwandishi wa gazeti alipomwambia bei iliyofikiwa, alilia.

Vijana, mkija Jumamosi mje na Yakobo sura ya 5. Tutaanza na mzee huyo.