Nani Kaulizwa?

Vijana wengi wanaopita Tunguu kwenda chuoni hawajui kwamba hapo palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya anga za juu. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, sauti yake ilinaswa hapa hapa Unguja. Mjini watu wakagawanyika. Wengine walisema ni elimu, wengine wakapiga kelele kwamba ni kambi ya makombora, itatuletea vita vya wakubwa. Baada ya Mapinduzi, Aprili 1964, serikali ikataka kituo kifungwe, kikafungwa. Makombora hayakuwapo. Lakini wale wapiga kelele mie siwacheki, maana swali lao lilikuwa la haki: nani katuuliza?

Swali hilo sasa liko juu ya vichwa vyetu. Glenn alipita penye satelaiti chache mno. Leo zinazofanya kazi zimepindukia 10,000, zaidi ya nusu ni za kampuni moja tu, SpaceX. Kuna na vipande vya zilizovunjika, vinakwenda kilomita 7 na zaidi kwa sekunde. Kwa mwendo huo msumari mmoja unatoboa chombo.

Utaniambia mwanaanga kajitakia mwenyewe, kama mzamiaji. Sikubali. Hatari ya kazi yako umeiridhia, ya kuongezewa na mwenzio hukuiridhia. Tarehe 15 Novemba 2021 Urusi iliipiga kwa kombora satelaiti yake mbovu, Kosmos 1408. Watu saba waliokuwa katika kituo cha kimataifa wakakimbilia vyombo vyao vya kurudia, wakajifungia humo. Na wawili kati yao, jamani, ni Warusi! Novemba 2025 Wachina watatu walichelewa kurudi nyumbani kwa kuwa dirisha la chombo chao lilikutwa na ufa, na kilichoshukiwa ni kipande cha taka hizo.

Sisemi satelaiti ziondoshwe. Mvuvi wa Nungwi mwenye GPS anazihitaji, na sie wa mjini na simu zetu ndio usiseme. Ila hata pale bandarini Malindi, nahodha haachiwi kulitelekeza jahazi bovu katikati ya njia, akajitetea kuwa bahari ni ya Mungu. Mkataba wa 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha anga za juu, na wa 1972 unaitaka nchi iliyorusha chombo ilipe hasara. Hasara ikishatokea, lakini.

Mwisho wa Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilianguka kijijini Mukuku, Kenya. Bahati njema hakuumia mtu. Watu wa Mukuku hawakurusha kitu, wala hakuna aliyewapigia hodi.